Ukungu Uliolilia Jina

Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Matone yalikuwa makubwa na machache, kama mtu anayerusha punje za mahindi juu ya mabati. Nilifunika viazi kwa turubai, nikakaa kibandani nikitazama magari ya Busia yakipita na taa zimewashwa.

Nimeanza kuandika katika kitabu hiki cha tarehe. Duka la mbegu humletea mume wangu, Mburu, kimoja kila mwaka, na mwaka huu walikileta bila kujua. Aliyekileta alisema, "Msalimie mzee," nami nikasema nitamsalimia. Mume wangu alifariki Oktoba, usingizini, tukamzika kwao Kinangop kwenye baridi aliyoipenda. Mimi nilirudi huku Kisian kwa sababu kibanda changu kiko huku, na kwa sababu kule sina mtoto wa kunishika mkono. Hatukujaliwa.

Machi 5

Mvua. Sikuuza kitu.

Machi 9, Jumapili

Tulipotoka kanisani tulikuta watu wamesimama kando ya barabara wakitazama ziwani. Kuna ukungu umekaa juu ya maji, si mbali na ufuo, mpana kama uwanja wa shule. Upepo ulikuwa ukivuma, magugu ya maji yakisogea, mashua zikiyumba, lakini ukungu wenyewe haukusogea hata kidogo. Rangi yake ni ile ya maji yaliyooshewa mchele.

Aloo, jirani yangu anayekaanga samaki kibanda cha pili, alinishika mkono.

"Wangechi, unaona kitu naona?"

"Naona."

"Asante Mungu. Nilifikiri ni macho yangu."

Machi 11

Umeanza kutoa sauti. Huanza alasiri, jua likilegea. Huisikii kwa masikio kwanza. Unaihisi kwenye meno, halafu kifuani, kama lori limesimama nje ya nyumba na injini haijazimwa. Mburu akifika na viazi kutoka bara alikuwa hazimi injini mpaka nitoke nje nimwone. Sikuwa nimekumbuka jambo hilo tangu Oktoba.

Machi 15

Watu wa serikali, watu wa televisheni, watu wa chuo kikuu. Nimeuza kama Krismasi. Kuna binti wa chuo, Debra Wakhisi, amepanga chumba kwa Aloo. Anasomea lugha. Anasema mitambo iliuona ukungu ukishuka kutoka juu kabisa, nje ya dunia yetu, na kwamba ndani yake kuna kitu kilicho hai.

"Na kinasema nini?" nilimuuliza nikimpimia vitunguu.

"Ndiyo nimekuja kujua, Mama."

Ana uso mpole. Nilimwongezea kitunguu kimoja.

Machi 20

Wameweka vipaza sauti ufuoni. Wanausalimu ukungu kwa Kiswahili, Kiingereza, Kichina, Kiarabu, kwa hesabu, kwa ngoma, kwa sauti za ndege. Unalia tu. Mzee Obonyo, mwenye mashua nyingi hapa, aliwaambia, "Mmemsalimia kwa kila lugha isipokuwa ya mwenye nyumba." Wakampa kipaza sauti. Aliusalimu kwa Kijaluo vizuri sana, kisha akauomba usogee kidogo upande wa Port Victoria, kwa sababu hapa umemfukuzia samaki. Watu walicheka. Ukungu uliendelea kulia.

Machi 21

Mvua.

Machi 28

Mvua, na kilio. Watu wanaumwa vichwa. Ng'ombe wanapunguza maziwa. Debra haendi tena ufuoni na wenzake. Hukaa kibandani kwangu akisikiliza, viatu vyake vimejaa matope.

Aprili 2

Leo Aloo alikuwa akigeuza samaki, mjukuu wake mchanga yuko mgongoni, analia. Ukungu nao ulikuwa ukilia. Aloo akaacha mwiko hewani.

"Wangechi. Zima redio."

Nikazima.

"Sikia huyu wangu. Sasa sikia ile."

Nikasikiliza. Mtoto alilia, akakatiza, akavuta pumzi, akaanza tena palepale alipoachia. Ukungu ulilia, ukakatiza, ukaanza tena palepale.

"Hiyo si kuongea," Aloo alisema. "Hawa watu wanauliza inasema nini, inasema nini. Haisemi kitu. Inalia. Nyathi ywago nying. Mtoto analilia jina."

Nimeishi kwa Wajaluo miaka mingi na ninaujua mtindo wao. Kwetu Wakikuyu majina yana foleni yake, mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu huyu, wa pili ni wa yule, hakuna mjadala. Kwao mtoto akilia bila homa wala njaa, akina mama wakubwa hukaa naye wakimtajia waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina atakalolinyamazia ndilo lake. Marehemu huyo amepata mtu wa kumbeba.

Nilidhani Debra atacheka. Alisema, "Mama Aloo, sisi tumejaribu kila kitu kingine."

Aprili 4

Akina mama walishuka ufuoni wakakaa juu ya mashua zilizopinduliwa. Walianza na waliokufa zamani, Nyangweso, Abuya, Achola, wakaja kwa wa juzi. Kila mmoja aliita watu wa nyumba yao, polepole, kama anayebembeleza. Mzee Obonyo alimwita baba yake kwa jina na sifa zote. Ukungu ulilia zaidi.

"Umemkataa hata baba yangu?" alisema. "Basi huko mlikotoka hakuna adabu."

Aprili 5

Wameita tena. Wamekuja hata watu wa Katito na majina yao. Hakuna.

Aprili 6, Jumapili

Nitaandika taratibu ili niandike vizuri.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya akina mama. Majina yalikuwa yamekwisha. Mvua ndogo ilikuwa ikianguka na hakuna aliyeona haja ya kujikinga. Aloo aligeuka.

"Na wako?"

"Wangu si wa huku."

"Kwani huyu wa juu anajua huku ni wapi?"

Sikujua nitasimama vipi mbele ya watu nilitamke jina lile. Tangu mazishi watu hulikwepa. Husema marehemu, husema mzee wako. Nilisimama nikaenda mpaka maji yakagusa viatu. Sikuita kwa kubembeleza kama wao. Niliita kama vile yuko chumba cha pili na chai imeiva.

"Mburu."

Meno yangu yakatulia. Hivyo ndivyo nilivyojua. Kwanza meno, halafu kifua. Ukimya ulikuwa mkubwa mpaka tukasikia mbuzi huko juu barabarani na mtu akifunga mlango wa gari. Kisha ukungu ukasogea. Ulikuja juu ya maji bila kuyatikisa, ukasimama mbele yangu karibu kiasi kwamba vinyweleo vya mikono vilisimama.

Halafu nikamsikia Mzee Obonyo nyuma.

"Ai! Safari yote hiyo kutoka mbinguni, kisha kinakuwa Mkikuyu?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Mashavu yaliuma, yalikuwa yamesahau.

Aprili 9

Debra ameniuliza kwa nini jina hilo na si mengine yote. Aloo ndiye aliyejibu, akikwangua magamba.

"Majina yetu yote yana watu. Nyangweso anasoma pale shule ya msingi. Achola ni huyu ananikojolea mgongoni. La huyu mama lilikuwa limekaa bure."

Ni kweli. Akina Mburu wamejaa Kinangop, lakini kila mmoja ni wa mtu mwingine. Huyu wangu alikuwa mvulana pekee kwao na dada zake wana wasichana. Nikifa, hakuna atakayegeuka jina lake likiitwa. Nililijua hilo siku ya mazishi, wakati kasisi aliposoma majina ya waliobaki akamaliza haraka sana.

Sasa kuna anayegeuka.

Aprili 12

Wengine wakimwita, ukungu hutikisika kidogo. Nikimwita mimi, huja.

Leo nilimsimulia. Nilianza na kitu kidogo. Nilimwambia kwamba Mburu hakuweza kungoja chai ipoe, alikuwa akiimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, kile hadi hiki, na kabla hajanywa, nusu ilikuwa imemwagika mezani. Nilikuwa naongea na ukungu mbele ya watu na sikuona aibu.

Upepo wa joto ulikuja kutoka kushoto, ukapita usoni kwangu, ukaenda kulia. Ukatulia. Ukarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Ulinukia majani ya chai.

Debra alikuwa akilia juu ya mashine yake ya kurekodi.

"Mama, amekujibu."

"Amesema nini?"

"Amesema amekusikia."

Nilirudi nyumbani nikalala kama mtu aliyetoka shambani.

Aprili 20, Pasaka

Nilimweleza juu ya lile koti la mume wangu la ngozi ya kondoo, jinsi lilivyonuka sufu na mvua alipotoka Kinangop asubuhi. Baridi ya Kinangop ikashuka Kisian. Si baridi ya mvua yetu hii, ile yenyewe, inayouma masikio na kunukia moshi wa mti mbichi. Ilifika mpaka barabarani. Watu walikimbilia sweta ambazo hawajavaa tangu wazinunue. Mzee Obonyo alionekana na sweta ya mkewe, ya waridi, yenye vifungo vya maua.

"Mwambie shemeji yangu apunguze," alinipigia kelele. "Mimi ni mtu wa joto!"

Amemwita Mburu shemeji, basi mimi ni dada yake. Zamani alikuwa akiniita yule wa viazi.

Aprili 26

Niliuza kidogo, nikaenda ufuoni mapema.

Mei 3

Akina mama wameanza kuniita Min Mburu, mama yake Mburu, kama anavyoitwa kila mzazi hapa. Aloo hufurahia sana. Anasema kwao bibi humtania mjukuu aliyerithi jina la babu kwa kumwita mume wangu, hivyo mimi nimepata mume na mtoto kwa siku moja na sijaumwa na uchungu. Nilimtupia kiazi.

Vijana nao hushuka mchana wa jua kali wakimwita ili wapate ubaridi. Nikisikia jina lile likiitwa ovyo barabarani, moyo wangu hujaa.

Mei 8

Mvua imepungua. Nilimsimulia mume wangu alivyopiga mluzi akibadilisha gurudumu. Maji yakajikunja mistari mistari, mbele na nyuma, na mluzi wenyewe ukapita katikati yake.

Mei 13

Alasiri ilikuwa safi, milima ya Nyakach imeonekana yote. Juu yake, mbali sana, kulikuwa na mafungu mawili mengine ya ukungu. Yalikuwa yakitoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa ndefu, ikishuka mwishoni, kisha kimya cha kusikiliza, kisha tena.

Mburu, huyu wa kwetu, aliinuka juu ya maji. Nilimwita. Akashuka.

Mei 14

Debra alikuja asubuhi kabla sijafungua kibanda. Alisimama akishika chupa ya chai bila kumimina.

"Mama, wale wa juu wanamwita. Nimelinganisha. Ile sauti yao ni mtikisiko uleule anaoufanya wewe ukimwita. Wamejifunza jina lake."

"Kwa hiyo walikuwa wanamtafuta muda wote huo."

"Nadhani alizaliwa njiani, au aliachwa mdogo sana. Hawakuwa na la kumwita. Wewe ndiye umewapa."

Nilifurahi. Niliwaza, hata kule juu kuna watu wanalisema jina la mume wangu. Kisha nikaona Debra hajafurahi.

"Sema."

"Wakimwita anapanda. Ukimwita anashuka. Na kila akikutengenezea kitu, ile baridi, ule upepo, anatumia mwili wake. Nimempima tangu Pasaka. Anapungua, Mama."

"Atakwisha?"

"Sijui. Naona anapungua."

Nilimwambia kwamba yeye hajawahi kumzika mtu. Alisema ni kweli, Mama, sijawahi, akaweka chupa chini akaenda. Chai ilikuwa ya maziwa mengi, ninavyoipenda.

Mei 15

Nilimwita. Alikuja.

Mei 16

Nilimwita. Alikuja.

Mei 17

Aloo hajaongea nami leo. Nilimwita. Alikuja.

Mei 19

Wale wa juu wamesogea karibu. Wanaita kutwa sasa. Nilikwenda ufuoni asubuhi badala ya alasiri ili niwatangulie. Alikuja.

Mei 24

Hakuna aliyenilazimisha kuandika haya, lakini nikiyaacha nitayapindisha baadaye.

Nilimwita, akachukua muda kushuka. Alikuwa mdogo kama chumba changu cha kulala na ningeweza kuona mashua upande wa pili kupitia kwake. Nilijua. Hata hivyo nilimwomba chai. Nilisema, "Mburu, ile ya vikombe." Nilitaka tu mara moja.

Upepo ulikuja kutoka kushoto, ukapita usoni kwangu, ukaenda kulia. Nikangoja. Haukurudi.

Nilingoja sana. Yeye pia alikuwa akijaribu, niliona ukungu ukikaza na kulegea, kama mtoto anayejaribu kuinua ndoo ya mtu mzima kwa sababu mama amemwambia. Nikasema basi, basi, inatosha, lakini hakuelewa basi. Kwake sauti yangu yote ni kuitwa. Ikabidi niondoke nikimbie ili aache kujaribu.

Aloo alinikuta nimekaa nyuma ya kibanda.

"Akina mama wawili wanaita mtoto mmoja," alisema. Hakukaa. "Nani atamwachia?"

"Kwa nini iwe mimi?"

"Kwa sababu wale wa juu hawajui kama uko. Wewe unajua kwamba wao wapo."

"Akienda, jina limekwenda."

"Eh. Limekwenda." Akanifuta uso kwa aproni yake yenye harufu ya samaki. "Ulitaka likae tu kwa mdomo wako?"

Mei 25

Sikwenda ufuoni. Alasiri nilimsikia kwenye meno.

Mei 28

Sijaenda. Vijana wanaita, anatikisika, hapandi. Ananingoja mimi, Debra anasema. Nilimwomba Debra msamaha. Alisema hakukuwa na kosa, na kwamba labda hiyo ndiyo sababu hakuwa akinielewa, hana anayemkosa.

Juni 1, Jumapili

Kasisi aliniruhusu kusimama baada ya ibada. Nilisema, ninawaomba, Jumanne alasiri mtu asilitamke jina la Mburu. Hata kwa mzaha, hata ndani ya nyumba. Awasikie wa kwao peke yao. Nilisahau kusema asante.

Mzee Obonyo aliinuka nyuma. "Na pikipiki?"

"Mzee?"

"Zinapiga honi. Na ile disko ya kinyozi. Mtoto atasikiaje?" Akageukia watu. "Jumanne barabara ni yangu. Anayebisha tutaonana."

Nilikuwa nikidhani ninamjua mtu huyo.

Juni 3

Kisian ilinyamaza.

Sijui kama nitaamini nikisoma haya siku nyingine. Alasiri, Mzee Obonyo alisimama katikati ya barabara ya Busia na sweta yake ya waridi akipunga mkono, na magari yakasimama foleni, na madereva waliotoka kutukana walionyeshwa kidole mdomoni wakanyamaza. Kinyozi alizima. Mashine ya kusaga ilizima. Akina mama walikaa wamewaziba watoto midomo kwa maziwa. Kilichobaki ni maji, na wale wawili juu, wakiita.

Nilikwenda ufuoni kwa sababu asingeniona angenitafuta. Aloo alisimama upande mmoja na Debra upande mwingine. Nilikunja leso nikaiuma kwa meno.

Alishuka bila kuitwa. Alikuja mpaka kwangu, mdogo, mwembamba kama mvuke wa sufuria. Alisimama usoni kwangu akingoja. Nilisikia joto kutoka kushoto. Alikuwa akinipa kabla sijaomba.

Jina lilikuwa kwenye ulimi. Niliuma leso. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, niliogopa kwamba hata mkono atauona kama wito. Wa juu waliita. Akageuka nusu, akarudi kwangu. Waliita tena. Nyuma yangu mtoto mmoja alikohoa na nikahisi ufuo mzima ukishika pumzi.

Waliita mara nyingine, na akaitika. Sijawahi kumsikia akiitika. Ilikuwa sauti fupi tu, kama mtu aliye chumba cha pili anayesema naja.

Alipanda kwa wepesi sana. Waliposhikana juu ya milima hatukuweza tena kujua yupi ni yupi. Kisha kulikuwa na mbingu tu, na milima, na honi ya kwanza barabarani, na Mzee Obonyo akimfokea aliyeipiga.

Juni 4

Mvua kidogo asubuhi. Debra amefunga mizigo. Nimempa vitunguu.

Juni 7

Nilikuwa namenya viazi jikoni, mlango uko wazi, nikasema, "Mburu, chumvi imekwisha."

Nilisema kwa sauti. Nikanyamaza nikasikiliza. Hapakuwa na upepo wala baridi. Kuku alipita mlangoni, akanitazama, akaenda zake. Nikafuta mikono, nikavaa viatu, nikaenda kununua chumvi.